Mduara wa Moto Mezani pa Jumuiya

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nilikuja Nairobi kutoka Kitui na elimu ya darasa la tatu, nikajifunza kukunja mabati kando ya reli pale Laini Saba, Kibera, na mpaka leo kuna watoto wanaoenda bweni na masanduku niliyoyagonga kwa mkono huu. Nimeona Kibera ikiwaka. Nimeona tingatinga likija mpaka mlangoni pa kibanda changu, nikasimama mbele yake na nyundo. Kuna watu wamesoma mpaka macho yakachoka na hawana hata choo chao. Mimi nimejenga vyumba vya kupangisha Kawangware, nyuma ya stage ya matatu za 56, na mmoja wa hivyo ndipo ninapoishi. Nasema haya mapema ili mtu akisoma kwamba niliogopa picha, asidhani ameokota hadithi ya mwoga.

Niliogopa picha, ndiyo. Niliiogopa kwa sababu ilikuja wakati mke wangu alikuwa anakufa.

Kiharusi kilimkuta sokoni akichagua sukuma wiki. Kikamchukua upande wa kulia wote, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Tukatoa kochi kubwa sebuleni tukaweka kitanda, ili aone mlango na watu wanaopita. Daktari aliniita kando akaanza maneno ya kuzunguka. Nikamwambia, sema. Akasema. Hakuwa wa kukaa sana.

Mke wangu alilipokea hilo kama mtu aliyeambiwa gari limefika. Alichotaka ni padri aje ampake mafuta ya wagonjwa, na siku hiyo kitinda mimba wetu awe kichwani pake, anasoma. Alinishika shati kwa ule mkono mzima, akasema kwa ile nusu ya mdomo, "Nisiende kabla huyu mtoto hajanisomea."

Msomaji wa nyumba yetu alikuwa huyo msichana. Mimi maandiko huyasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na mama yake hakusoma kabisa. Tangu akiwa darasa la pili, rozari ikiisha jioni ni yeye alikuwa anafungua kitabu. Siku hizi yuko chuo kikuu, anasoma fizikia, na ndani ya fizikia amechagua anga: ulimwengu ulianzaje, nyota zilitoka wapi. Watu wakiniuliza nilikuwa nasema anasomea uinjinia, maana hapa kwetu anayejulikana kwa kusoma nyota ni mganga mwenye bango kwenye nguzo ya stima.

Sasa nieleze jumuiya, kwa yule asiye Mkatoliki wa Nairobi. Jumuiya si kikundi cha kuimba. Ni majirani wa kanisa moja wanaokutana kwa zamu, wiki hii kwangu, wiki ijayo kwako, na siku ukifa hao ndio watu wako. Ofisini pa parokia hawaulizi kama ulikuwa mwema. Wanauliza: alikuwa jumuiya gani? Wanamjua? Jumuiya ikisema inakujua, padri anakuja, watu wanaimba, wanapanda basi na jeneza mpaka kwenu. Ikinyamaza, unasafirishwa kama mzigo. Niliona mpangaji wangu mmoja akienda hivyo, na sitaki kuona tena. Na mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu. Walinichagua kwa sababu nafika kwa wakati na sipindishi maneno.

Zamu yetu iliangukia Jumapili, baada ya misa ya pili. Desturi ni meza ndogo katikati ya watu: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, chupa ya maji ya baraka. Kwenye meza yetu kulikuwa na kompyuta ya msichana, alikuwa amekuja nayo amalizie kazi ya chuo karibu na mama yake. Jirani yetu anayeuza makaa pale 56, ambaye ndiye mweka hazina wetu, akaiinua ili atandike kitambaa. Ikafunguka mikononi mwake.

Kwenye kioo kulikuwa na giza, na ndani ya giza mduara wa moto, rangi ya chungwa, mnene upande wa chini, na katikati shimo jeusi. Hakuna mtu, hakuna mti, hakuna maandishi. Mimi nimefanya kazi na moto maisha yangu yote, na ule haukuwa moto ninaoujua.

"Yesu na Maria!" mama wa makaa akasema. "Mwenyekiti, kuja uone kitu mnafuga kwa hii nyumba."

"Ni picha tu, mama," msichana akasema. "Ni shimo la anga. Ni zito sana, mpaka mwanga ukiingia hautoki."

"Shimo la moto, ukiingia hutoki." Mama wa makaa akawageukia wengine. "Hiyo tulifundishwa inaitwaje?"

"Jehanamu," akajibu kinyozi, mzee aliyepanga duka langu la mbele.

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea karibu na meza.

"Na wewe unasomea nini hii, mama yako akiwa hapo kitandani?" mama wa makaa akamwuliza.

"Nasomea vile ulimwengu ulianza."

"Si tulishaambiwa vile ulianza? Siku sita, ya saba akapumzika. Ama huko chuo mmeongeza siku?"

"Zimeongezwa kidogo," msichana akasema, na nikaona anajaribu kutania ili mambo yapoe. "Ni miaka mabilioni, mama. Kila kitu kilikuwa pamoja, kidogo kuliko punje ya wimbi, cha moto kuliko chochote. Kikatanuka. Bado kinatanuka."

"Hata sasa?"

"Hata sasa tukiongea."

Kinyozi akashika kiti chake.

"Na nani alikuwa hapo akaona?" mama wa makaa akaendelea.

"Hakuna mtu."

"Na Mungu?"

Hapo angesema tu, Mungu alikuwepo, na chai ingeletwa. Lakini huyu ni damu yangu, hasemi kitu ili watu wafurahi. Akasema, "Hiyo si kitu unapima na mashine, mama."

Mama wa makaa akafungua chupa ya maji ya baraka. Nilidhani atatunyunyizia sisi. Akamimina. Aliimiminia ile kompyuta kama mtu anayezima jiko, huku akimwita Malaika Mkuu Mikaeli kwa sauti. Mduara ukatetemeka, ukakatika vipande, kioo kikawa cheusi.

"Mmeona?" akasema akihema. "Ametoka."

Msichana hakupiga kelele. Aliichukua kompyuta, maji yakawa yanatiririka kutoka kwenye vitufe mpaka sakafuni. Akamwinamia mama yake, akamwambia kitu sikioni, akatoka. Hakufanya ishara ya msalaba mlangoni, na hakuwa amewahi kuiacha tangu akiwa mdogo. Watu wote waliona. Mimi pia niliona.

Nilimpigia simu, hakushika. Nikapiga tena kesho yake, imezimwa. Wakati huo maneno yalikuwa yameshafika kila mahali. Kwa kinyozi, msichana wangu alikuwa amejiunga na wanaoabudu shetani. Kwa wauza mboga, shetani mwenyewe alikuwa amepanga chumba kwangu. Mpangaji mmoja alihama na kuacha hata ndoo. Halafu akaja makamu wangu wa jumuiya, mwanamume tuliyekuja naye kutoka Kitui, akasimama nje ya mlango. Nyumba ambamo amekula miaka yote hii, akakataa kukanyaga ndani.

"Mzee, watu wanaogopa kuingia. Mlete msichana aombewe mbele ya watu. Aikatae hiyo elimu kwa mdomo wake, mambo yaishe."

"Asipokataa?"

"Mzee, mama ni mgonjwa. Si lazima tuseme yote."

Hakuhitaji kusema yote. Nilifunga mlango, nikakaa. Nikigeuka huku, namwona mke wangu akitazama mlango, anamngoja mtoto. Nikigeuka kule, naona basi la kwenda Kitui, ndani mimi na jeneza na dereva. Nikawa nasikiliza pumzi yake kila ninapopita. Ikichelewa kidogo, nami yangu inasimama.

Na chini ya uoga huo kulikuwa na mwingine, ambao sikumwambia mtu. Je, kama ni kweli? Nilitazama ukuta nilioujenga mwenyewe, nikawaza kwamba unatanuka. Mke wangu anaamini anakwenda mahali. Mahali penye mlango, penye watu wake, mama yake amekaa kwenye kigoda anapepeta pojo. Kama vitu vyote vilitoka kwenye punje moja ya moto na sasa vinakimbia gizani, hapo mahali pako wapi? Nani huko atajua kumpokea mwanamke mmoja wa Kitui asiyejua kusoma?

Nikaenda kwa padri. Padri wetu ni kijana, mtu wa Magharibi mwa Kenya, mtoto wa mwalimu.

"Tumsifu Yesu Kristu, Fatha."

"Milele na milele, mzee wangu. Kaa."

"Sikai. Nimekuja unikatalie kitu."

Nikamweleza yote, mduara, punje, kutanuka, maji. Kwenye maji alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akasema, "Mzee, hiyo siwezi kukukatalia. Kanisa halijaikataa. Unajua mmoja wa wale wa kwanza kabisa kuandika kwamba ulimwengu ulianza hivyo, na kwamba unatanuka, alikuwa padri?"

"Padri wa nani?"

"Wetu. Mkatoliki, wa huko Ulaya. Anasoma misa, kisha anaenda kwa hesabu zake. Na kuna wasomi waliomcheka, wakadhani anataka tu kumchomeka Mungu ndani ya fizikia. Yeye mwenyewe hakutaka hivyo viwili vichanganywe."

"Kwa hivyo zile siku sita ni uongo."

"Si uongo. Hazikuandikwa zikufundishe hesabu za anga. Ziliandikwa ujue wewe ni wa nani."

Mtu mwingine angefurahi. Nilikuwa nimepata neno la kumtetea mtoto mbele ya jumuiya nzima. Lakini nilisimama pale nikiogopa kuliko nilivyoingia. Nilikuja nikitaka kuambiwa ni uongo wa watoto wa chuo, na sasa hata mwenye kola ya kanisa hasemi ni uongo.

"Fatha," nikamwambia, "huko kote, kama ni kukubwa hivyo, mke wangu ataonekana?"

Alitazama mikono yake. "Mimi naamini ataonekana. Lakini nikikaa nikawaza ule ukubwa, mzee, hata mimi huogopa."

Sikujua mapadri wanaruhusiwa. Tukakubaliana aje Jumamosi mchana na mafuta. Akasema msichana asome, na hakuuliza kama amepatikana.

Ijumaa nilikuwa karakana Laini Saba, kwa sababu mikono isipofanya kazi kichwa kinafanya. Nikasikia vijana wa vibanda vya jirani wakipiga makelele.

"Niaje, daktari wa nyota! Si uniletee kipande ya mwezi?"

"Mwezi si ya watu hawaogi," ikajibu sauti ninayoijua, na wote wakaangua kicheko.

Aliingia, akakaa juu ya sanduku ambalo halijapakwa rangi, kama alivyokuwa anakaa akitoka shule. Amekonda. Nikaendelea kugonga bati kidogo.

"Umeacha kanisa?" nikamwuliza.

"Sijaacha, baba."

"Ulitoka bila ishara ya msalaba. Kila mtu aliona."

Akanitazama kama mtu asiyeamini masikio yake. "Baba, nilikuwa nimebeba kompyuta inatiririka maji na mkono wa kulia. Ningefanya na gani?"

Nikaweka nyundo chini. Jumuiya nzima, watu wazima, tulikuwa tumemtoa mtoto kanisani kwa sababu mkono wake ulikuwa umejaa.

"Simu nayo?"

"Niliizima. Sikutaka kuongea nikiwa na hasira. Kazi ya muhula ilikuwa ndani. Nimeanza upya kwa mashine za chuo."

Kisha nikamwuliza kile kilichokuwa kinanila. "Hayo mambo ya mwanzo. Mnajuaje? Usiniambie vitabu."

Akaonyesha jiko langu la kuchomea chuma. "Ukizima moto jioni, asubuhi ukishika yale mawe unasikia nini?"

"Joto."

"Hata mtu ambaye hakuwa hapa jana atajua moto uliwaka. Huko juu ni hivyo. Kuna joto kidogo sana limebaki, na ukipima linatoka kila upande. Kila upande, baba. Hata hapa, katikati yangu na wewe."

Bila kutaka, nikaurudisha mkono wangu.

"Na wewe huogopi?" nikamwuliza.

"Naogopa. Siku ya kwanza niliona ile picha, nilikuwa maabara peke yangu. Nilishtukia tayari nimefanya ishara ya msalaba. Kugeuka, mwalimu wangu amesimama mlangoni."

"Akasema nini?"

"Akajifanya hajaona." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini sitapiga magoti mbele ya watu nikatae kitu najua ni kweli. Wakitaka hivyo, sitakuja."

Nilikuwa nimebeba maneno ya makamu wangu kutoka Kawangware mpaka pale, nikiwa tayari kuyatoa. Kataa kwa mdomo tu, mtoto wangu, mama yako azikwe na watu. Yalikuwa mdomoni. Nilimwangalia usoni, nikaona nikiyasema nitampoteza huyu pia, na mama yake ataondoka akitazama mlango.

"Sijakuambia ukatae," nikasema. "Nimekuambia mama yako anakungoja."

Jumamosi asubuhi nilituma neno kwa jumuiya yote: padri anakuja mchana, msichana anasoma, na hakuna mtu atakayekatazwa wala kulazimishwa kukataa kitu nyumbani kwangu. Anayeogopa abaki kwake. Baada ya kutuma, nilikaa jikoni. Nilijua naweza kuwa nimemnyima mke wangu mazishi.

Walikuja. Lakini walisimama uani, kati ya tangi la maji na kamba za nguo, hakuna aliyeingia. Padri akapita katikati yao na mkoba wake. "Mbona mmesimama kama watu wa kungoja maji?" akauliza. Mama wa makaa alikuwa mbele ya wote, rozari ameizungusha kwenye ngumi, vidole vya miguu vimefika kizingitini na vikakwama hapo. Makamu wangu alikuwa nyuma kabisa, amekunja mikono.

Msichana alikuwa amepiga magoti kichwani pa kitanda. Mke wangu akamgeukia.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama."

"Wanasema unajua mwanzo."

Uani watu wakanyoosha shingo wasikie. Nikasema moyoni, si sasa, mama watoto, uliza kingine chochote.

"Najua kidogo," msichana akasema.

"Kulikuwa giza?"

Akanitazama. "Kwanza kulikuwa na moto na mwanga, mama. Halafu likaja giza, kabla ya nyota ya kwanza kuwaka."

"Refu?"

"Refu sana."

"Lakini halikubaki." Sikujua kama anauliza au anasema.

"Halikubaki, mama."

Mke wangu akafumba macho. "Basi soma."

Akasoma lile somo la wagonjwa, polepole, bila kukwama, sauti ikitoka mpaka uani. Padri akampaka mafuta kwenye paji la uso, kisha viganjani. Ilipofika ishara ya msalaba, ule mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Msichana akaweka kitabu chini. Akauchukua, akaupeleka kwenye paji, kifuani, bega hili, bega lile, vidole vya mama yake ndani ya vidole vyake. Tuliposema amina nikasikia sauti nyuma ya sikio langu. Mama wa makaa alikuwa ndani, na wengine wakimfuata wakivua viatu.

"Fatha," akasema alipomaliza kujipangusa macho, "maji ya baraka yakiharibu kitu cha mtu, dhambi ni ya nani?"

"Ya mwenye kumimina," padri akasema, akifunga mkoba wake.

Mke wangu alituacha kabla ya mvua kubwa, asubuhi, msichana akiwa amemshika. Jumuiya ilipanda basi na sisi mpaka Kitui na kuimba njia nzima, isipokuwa makamu wangu. Sijamwuliza, na sitamwuliza.

Nikiulizwa kama uoga umeisha, haujaisha. Kuna wakati natembea kutoka stage kwenda nyumbani, sitazami juu. Sijui mke wangu yuko wapi ndani ya ukubwa wote huo. Msichana amepima na hajui, padri hajapima na anaamini. Mimi nikisali siku hizi sizunguki. Namwambia Mungu: kazi umeifanya kubwa kuliko tulivyoambiwa, sawa, ni yako. Lakini yule mama nimekukabidhi mkononi mwako mbele ya watu, na mafuta yakiwa bado mabichi kwenye uso wake. Usije ukaniambia humwoni.